Chupa Tatu Zilizosuuzwa

Kwetu ni milimani, upande wa Lumuma, kwa watu wa kanisa na shule ya misheni, watu wa kuandika kila kitu. Baba yangu aliandika hata siku kuku alipoanza kuatamia. Nasema hivi mapema ili isije ikadhaniwa kwamba nililelewa na watu wanaochezea karatasi. Nilichokifanya siwezi kukisukumia malezi.

Nilisomea afya ya mazingira, nikaajiriwa, nikapangiwa Mikumi. Kazi ya bibi afya katika mji wa barabarani ni kazi ya kuchukiwa kidogo kidogo. Ukiingia mgahawani, ndoo inasukumwa nyuma ya mlango. Ukiingia buchani, mwenye bucha anakumbuka ghafla kwamba ana kitambaa cha kupangusia meza. Watu wanakuchekea na kukukaribisha soda, na ukitoka tu wanapumua. Mimi nilizoea. Nilikuwa na ulimi mkali wakati ule, na nilidhani ukali ndio uadilifu.

Basi yakaja malalamiko kwamba maziwa yanayouzwa stendi yanachakachuliwa, yanaongezwa maji. Mkuu wangu wa kazi akaniita ofisini. Akasema anataka sampuli, na anataka kesi. Alivisema vyote viwili kwa pumzi moja, kesi ikiwa imekwisha kuwepo na sampuli ikiwa njiani kuifuata. Nilipaswa kushtuka. Sikushtuka, nilichukua begi langu nikaenda.

Sheria ya kuchukua sampuli si ngumu. Unajitambulisha. Unamweleza mtu kwamba unachukua kwa ajili ya kupimwa. Unakoroga chombo kizima, kwa sababu maziwa yakitulia mafuta hupanda juu. Unachota mwenyewe kwa chombo kikavu, unagawa mafungu matatu mbele ya macho yake, unafunga kwa lakiri. Chupa moja unamwachia yeye, moja inakwenda maabara, moja inabaki ofisini, ili ukizuka ubishi pawe na kitu cha kupima upya. Na chupa ziwe safi na kavu. Haya yote ningeweza kuyasema usingizini.

Katika orodha niliyopewa kulikuwa na wauzaji watatu. Wawili waliliona begi langu kwa mbali, wakajitwika ndoo zao wakaishia vichochoroni. Aliyebaki alikuwa mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akiuza kwenye kona mkabala na mgahawa wa chai, chini ya kibaraza cha duka la vipuri lililofungwa siku nyingi. Alibaki kwa sababu hakuona sababu ya kukimbia. Nimelifikiria sana hilo. Kati ya watu watatu, sheria ilimshika yule ambaye hakuikimbia.

Alikuwa mjane, Mwislamu wa hizi tambarare zetu, mzaliwa wa Kimamba ambako baba yake alikata mkonge. Alikuwa na ng'ombe wanne nyuma ya nyumba yake pembezoni mwa mji. Alikuwa akiuza pale tangu kabla mimi sijaanza shule, na wateja wake wakubwa walikuwa huo mgahawa wa chai, ambao abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya hushuka kunywa, pamoja na nyumba zenye watoto wadogo. Akina mama waliojifungua walikuwa wakimtuma mtu kwake kabla hata ya kutuma mtu dukani.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Nikamweleza nilichofuata. Hakubadilika uso. Akafunua ndoo yake nyeupe, akasema nichukue tu, nichukue mpaka nitosheke. Nikatoa chupa zangu tatu. Zilikuwa ndogo, hazizidi chupa ya dawa ya kikohozi, ndizo tulizokuwa nazo ofisini mwaka ule. Nilikuwa sijazifungua zote alipozinyooshea mkono.

"Hebu lete kwanza," akasema.

Akazipokea. Akanusa mojawapo. Kisha akainua birika lake la maji, akatia maji katika chupa ya kwanza, akatikisa, akamwaga. Mara tatu. Ya pili mara tatu. Ya tatu mara tatu. Akazipindua kidogo, matone yakadondoka chini, akaziweka juu ya kigoda mbele ya ndoo.

"Sikudharau, mwanangu. Maziwa yangu hayaingii kwenye chombo nisichokijua kilikotoka."

Nilimwelewa vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mikumi ni mji uliopakana na mbuga. Nyama ya porini hupita kwa siri katika ndoo na sufuria za kila aina, na mtu wa dini yake hawezi kujua chombo cha mgeni kimegusa nini. Ngiri akichinjwa leo, kesho kisu kile kinakata mkate. Kwa hiyo kwa mama yule, na kwa nusu ya wanawake wa mji ule, chombo cha kuletwa hupitishwa maji mara tatu kabla hakijatiwa kitu cha kuliwa. Si ushirikina wala si maringo. Ni adabu ya jiko.

Ningeweza kusema, "Mama, chupa hizi zimechemshwa, naomba uziache." Maneno hayo yalinifika mdomoni. Lakini nilikuwa binti wa milimani, binti wa kanisa, nimesimama mbele ya mtu mzima wa dini nyingine aliyeniita mwanangu, na nikaona aibu kumwambia kwamba twahara yake inanichafulia kazi. Bibi yangu alikuwa akisema heshima si utumwa. Siku ile niliifanya utumwa. Na hata kuchota hakuniachia. Aliingiza kikombe chake mwenyewe, maana ndoo ya maziwa ya mtu haiingizwi mkono na mtu mwingine, akajaza chupa zote tatu taratibu bila kumwaga hata tone. Alipoanza kumimina, maji yalikuwa bado yameng'ang'ania mabegani mwa chupa na kukusanyika chini. Niliyaona. Sitaki hili lisomwe vibaya: niliyaona.

Nikafunga, nikapiga lakiri, nikamwachia chupa yake, nikamwambia aitunze mahali pa baridi. Hakuwa na friji. Alisema ataiweka kando ya mtungi. Kisha nikatoa fomu. Fomu yetu ilikuwa imechapwa tayari, yenye visanduku vya kutia alama, na kimojawapo kilisema chupa zilikuwa safi na kavu. Nikatia alama. Nilikuwa nimetia alama katika kile kisanduku mara nyingi mno kiasi kwamba kalamu iliijua njia yenyewe.

Majibu ya maabara yalipofika, yalisema maziwa yameongezwa maji. Si mengi, lakini yameongezwa. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Chupa ndogo kama ile, yakibaki humo maji ya vijiko viwili, ni mchezo? Nikaenda kwa mkuu wangu, nikamweleza habari ya birika, mara tatu kila chupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

"Uliandika zilikuwa kavu?" akaniuliza.

"Niliandika."

"Basi zilikuwa kavu."

Akarudi kwenye kazi zake. Nami nikatoka, na ninakiri kwamba nilipotoka nilijisikia nafuu. Nilikuwa nimemwambia mkubwa. Niliona kama mzigo nimeushusha, kumbe nilikuwa nimeuhamisha tu, kutoka kichwani kwangu kwenda kichwani kwa mama ambaye hata hakujua kuna mzigo.

Akashtakiwa kwa kuuza chakula kilichochakachuliwa. Shtaka lile likithibitika lingeweza kumpeleka jela, mjane wa umri wake. Lakini jela ilikuwa mbali bado, na mji haukuisubiri. Habari ilitangulia karatasi. Mgahawa wa chai ukaacha kununua kwake siku ile ile alipopelekewa hati ya kuitwa mahakamani. Nyumba zenye watoto zikafuata moja moja. Vijana wa bodaboda wakawa wakipita wanaita "mchakachuaji!" na kucheka, kwa sababu neno lenyewe lina utamu mdomoni. Mama aliendelea kutoka na ndoo yake kila asubuhi. Anakaa pale hadi adhuhuri ndoo ikiwa imejaa, kisha anajitwika anarudi kuwanywesha ndama maziwa yale. Mimi nilianza kupita barabara ya nyuma kwenda kazini. Ilikuwa ndefu na ya vumbi, nikaizoea.

Kesi ilikuwa Kilosa. Ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Kila mara mama alisafiri kutoka Mikumi, anaingia mahakamani na kanga zake safi, anaitwa, anasimama, anaambiwa arudi tarehe nyingine. Wakili aliyemsimamia alikuwa msichana aliyetoka Morogoro kusaidia wanawake bila malipo. Nilimwona mara ya kwanza nikasema moyoni, huyu mtoto atasaidia nini? Nilikosea. Alikuwa ameisoma sheria ya sampuli kuliko mimi.

Siku niliyoitwa kutoa ushahidi, aliyeendesha mashtaka aliniongoza vizuri, nikasema niliyoyaandika. Kisha wakili akasimama. Akaniuliza kuhusu chupa niliyomwachia mama: ni akili gani kumwachia mtu asiye na friji maziwa mabichi, kisha kusema kwamba amepewa haki yake ya kupima upya? Akaniuliza sampuli ya maabara ilikaa siku ngapi kabla ya kusafirishwa. Akaniuliza kama nilikoroga ndoo. Akaniuliza nani alichota, nikasema ni mshtakiwa mwenyewe, akaandika kwa haraka. Yote aliyouliza yalikuwa ya kweli na yalikuwa na uzito, lakini alikuwa akizunguka nyumba bila kuupata mlango, nami nilikuwa ndani nimekaa kimya. Mwishowe akashika fomu yangu, akaisoma mstari kwa mstari.

"Shahidi, chupa zilikuwa kavu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Njia nzima kutoka Mikumi nilikuwa nikilitengenezea jibu.

"Nilipozitoa kwenye begi zilikuwa kavu."

Hapakuwa na neno la uongo katika jibu lile. Ningeapa nalo tena leo. Wakili akanitazama kidogo, kama mtu aliyesikia kitu kikianguka chumba cha pili, lakini hakujua aulize nini zaidi. Hakimu akatazama saa, akasema mahojiano hayajaisha, nitarudi tarehe nyingine kuyamalizia. Nikashuka kizimbani. Mama alikuwa amekaa pale akinitazama bila chuki yoyote. Ningefurahi kama angenichukia.

Ile tarehe nyingine ilikuja baada ya wiki kadhaa. Nilifika mapema. Katika uwanja wa mahakama kulikuwa na benchi moja tu lenye kivuli, kwenye kibaraza cha masjala, na mama alikuwa amekaa hapo peke yake. Shahidi na mshtakiwa hawapaswi kukaa pamoja kupiga soga, nalijua hilo. Lakini jua la Kilosa halijui kanuni, na kumpita mtu mzima bila kumwamkia sikuweza. Nikamwamkia. Akaitikia. Akasogea nikakaa.

Alikuwa na chupa ya chai na kikombe kimoja cha plastiki. Akasema karibu chai, safari ndefu. Kabla sijajibu, alifungua maji yake ya kunywa, akatia katika kikombe, akazungusha, akamwaga. Mara tatu. Kisha akanimiminia chai ya tangawizi, akanipa kwa mikono miwili. Kwa kikombe chake mwenyewe, cha nyumbani kwake, kinachojulikana kilikotoka. Aliosha kwa sababu mnywaji alikuwa mgeni.

Nilianza kulia. Alidhani naumwa, akanishika paji la uso.

"Mama," nikamwambia, "kwa nini hukumwambia wakili wako kwamba ulizisuuza zile chupa?"

Akanishangaa. "Aliniuliza imekuwaje. Nikamwambia ulikuja, ukanisalimia, nikakupa maziwa. Nani anayesimulia kwamba alinawa kabla ya kula?"

Nikaona macho yake yakitoka kwangu yakaenda kwenye kile kikombe, na chini penye sakafu palipolowa maji aliyoyamwaga. Mama yule hakuwa mjinga. Hakuhitaji maabara.

"Kwa hiyo yale maji ni yangu," akasema.

"Yawezekana, mama. Na mimi niliona, nikaandika chupa ni kavu."

Nilingoja anipige kofi. Nilingoja angalau aniambie maneno. Alikaa akiitazama sakafu mpaka ikaanza kukauka. Miezi minane alikuwa amekaa na ndoo iliyojaa akijiuliza amemkosea nani, na jibu lilikuwa limekaa naye benchi moja linakunywa chai yake.

"Utasema?" akaniuliza.

"Nitasema."

"Haya. Maliza chai, itapoa."

Nilipopanda kizimbani kuendelea, sikumngoja wakili aulize. Nikamwomba hakimu nirekebishe jibu langu la mara iliyopita. Nikaeleza habari za birika. Nikaeleza mara tatu kila chupa, na matone niliyoyaona, na kisanduku nilichotia alama. Aliyeendesha mashtaka alikuwa akiandika, akaacha. Mkuu wangu alikuwa amekaa nyuma kabisa, nikasikia kiti kikilia. Hakimu akaniuliza kwa nini sikuyasema haya siku ya kwanza, nilipoulizwa waziwazi kama chupa zilikuwa kavu.

"Niliogopea kazi yangu, mheshimiwa," nikasema. Hakukuwa na jibu jingine.

Wakili akasimama kuipinga ripoti ya maabara. Alisema ripoti haiwezi kuwa nzuri kuliko chupa iliyoizaa. Akasema sheria haikuweka masharti yale kwa ajili ya kupamba fomu, iliyaweka kwa sababu mtu akishtakiwa kwa maziwa yake hana njia nyingine ya kujitetea, hawezi kuyarudisha maziwa ya siku ile yaje yaseme yenyewe. Alisema kwa utulivu, hata mimi niliyekuwa nashambuliwa nilimpenda. Uamuzi ulisomwa tarehe iliyofuata. Sampuli ilichukuliwa kinyume cha sheria, ripoti ikaondolewa katika ushahidi, na kwa kuwa hapakuwa na ushahidi mwingine, shtaka likafutwa na mama akaachiwa huru.

Mimi nikapewa barua ya onyo, na baada yake barua ya uhamisho kwenda Msowero. Mkuu wangu alinikabidhi zote mbili bila kunitazama. Simlaumu kwa barua. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho wake. Ninachomlaumu ni kwamba yeye alibaki, na fomu zilibaki, na kile kisanduku kikabaki vilevile.

Nilikuwa nafunga vitu vyangu mama alipobisha hodi. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Alikuwa ameshika mfuko wa nailoni, ndani yake nakala ya uamuzi wa mahakama, imekunjwa vizuri. Nikamwamkia, nikamkaribisha, hakutaka kukaa.

"Wewe ndiye uliyechukua," akaniambia. "Wewe ndiye urudishe."

Alitaka twende kwa mwenye mgahawa wa chai nikamsomee ile karatasi. Yeye mwenyewe alikuwa anajua kusoma, lakini alisema akisoma yeye itakuwa mshtakiwa anajisafisha, nikisoma mimi itakuwa serikali imesema. Nikavaa sare yangu kwa mara ya mwisho pale Mikumi, tukaenda kwa miguu. Mgahawani kulikuwa na abiria wa basi moja. Mwenye mgahawa alikuwa mwanaume wa makamo, mtu mwema, mmoja wa waliokunywa maziwa ya mama yule tangu ujana. Alimwamkia mama kwa adabu, akatusogezea viti pembeni.

Nikasoma. Nilisoma polepole, hasa pale paliposema shtaka limefutwa na mshtakiwa yuko huru. Mwenye mgahawa alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Nilipomaliza akafikiri kidogo, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye mgahawa angeuliza.

"Kwa hiyo mahakama imesema maziwa yalikuwa hayana maji?"

Mama alinigeukia. Hapo nikaelewa alichokuwa amenileta pale kukifanya. Alitaka neno moja tu kutoka kwangu, na alikuwa na haki nalo. Nilikuwa nimekwisha kutia alama mbele ya uongo mmoja uliomwangamiza. Huu wa pili ungemrudishia maisha yake, na hakuna mtu duniani ambaye angeumia. Abiria waliendelea kunywa chai. Nilikuwa na neno "ndiyo" kwenye ulimi, na ilinibidi nilimeze kama dawa chungu.

"Hapana," nikasema. "Imesema sampuli haikufaa. Sampuli niliiharibu mimi. Maji yaliingia kwenye chupa mbele ya macho yangu, nikaandika hayapo. Maziwa ya siku ile yalikuwaje, mahakama haijui, na mimi sijui. Hakuna atakayejua tena. Ninachokijua ni kwamba sikuwahi kuwa na sababu ya kumshuku."

Mwenye mgahawa akakuna kidevu. Akasema amenielewa, akasema pole mama, pole sana. Kisha akaeleza, kwa upole na bila kumtazama usoni, kwamba sasa hivi anatumia maziwa ya unga, abiria wameyazoea, hayamsumbui. Labda huko mbele. Mama akamshukuru. Akaipokea karatasi yake kutoka mkononi mwangu, akaikunja katika mikunjo yake ileile, akairudisha kwenye mfuko wa nailoni.

Tukatoka, tukasimama kibarazani kwake, mahali ambapo alikuwa akiweka kigoda. Nikamwomba msamaha. Nilisema neno lenyewe, nisamehe mama. Nikamwambia kwamba mle ndani nilishindwa kusema nisichokijua, hata kwa ajili yake.

Akaniangalia. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka tu.

"Umesema vizuri," akaniambia. "Ila maneno haya haya, mwanangu, ungeyasema siku ile ya kwanza, yangenitosha."

Nikamwambia ndiyo, mama. Akajifunga kanga yake vizuri, akashika njia ya kwenda kwake.